Luhaga Langoni, na Mashine Kichwani

Kaka yangu Luhaga hakuweza kushika jambo moja kichwani mpaka liishe, na mwezi uliofuata alitakiwa kusimama langoni kupokea ng'ombe wa mahari ya binti yake Minza. Tatizo letu lilikuwa hilo.

Hakuwa mjinga. Watu walipenda kusema ni mjinga, lakini mimi nimelala naye ngozi moja tangu utoto na ninajua. Akili yake ilikuwa nzuri, ila haikukaa nyumbani. Ukianza kumweleza habari ya mvua, yeye yuko kwenye mvua ya mwaka mwingine, na kutoka huko ameshafika kwenye paa la marehemu mjomba wetu, anaezeka. Siku moja alikwenda sokoni Dutwa kwa baiskeli akarudi kwa miguu. Akala, akalala. Asubuhi akatuamsha wote akiuliza nani kaiba baiskeli.

Salamu zetu Wasukuma ni ndefu. Unaulizwa umeamkaje, unaulizwa ukoo, unaulizwa wa nyumbani, mvua, mifugo, na wewe unarudisha yote kwa utaratibu wake. Luhaga akifika kwenye mifugo anapotea, basi anaanza tena kwenye kuamka. Wazee wenye haraka walikuwa wakimwona kwa mbali wanakata njia kwenye mtama.

Hayo yote tungevumilia. Lakini alipoolewa binti yake mkubwa, Justina, Luhaga alikaa na wakwe, mazungumzo yakiwa kwenye ng'ombe tisa na bado yanapanda, na yeye akiwa anawaza jinsi ya kuziba matundu ya panya kwenye ghala akasema, "Sawa, nimekubali." Alikuwa anajijibu mwenyewe juu ya panya. Katika ukoo wetu neno la baba halirudi. Justina aliolewa kwa ng'ombe tisa, na wakwe walitushukuru mpaka tukaona aibu.

Sasa zamu ilikuwa ya Minza, na safari hii hatukuwa na nafasi ya kukosea. Mtoto wa kiume wa Luhaga, Josia, alikuwa amechumbia binti wa Maswa, na baba wa binti alitaka ng'ombe kumi na tano wazima, kabla ya kupanda pamba. Kijana mwingine mwenye duka alikuwa anapita pale nyumbani kwa binti kila Jumapili na sabuni za kunukia. Kwetu ng'ombe wa dada ndio mke wa kaka. Ng'ombe wa Minza wangeingia kwetu wakapumzika kidogo, kisha wakaenda Maswa. Wakipungua, au wakiwa wabovu, Josia angebaki anasikia harufu ya sabuni tu.

Nilimwendea Luhaga nikamwambia wazi, "Kaka, safari hii niache mimi nisimame."

"Wewe ni baba wa Minza?"

"Mimi ni baba yake mdogo."

"Basi simama mdogo, huko nyuma."

Mke wake, Maximiliana, alikuwa anapepeta mtama pale pale. Akasema bila kuinua uso, "Mwache, shemeji. Akiwakubali wanne tutasema ni ukarimu."

Nilimwona Luhaga. Ilimuuma.

Mwaka ule ndio kwanza serikali iliruhusu watu binafsi kununua pamba. Dutwa ilijaa mizani na malori, na mapesa ya pamba yalivuta watu wa kila namna. Mmoja wao aliitwa Januarius, mtu wa Lamadi. Zamani aliuza dagaa. Soko huria lilipofika akaacha samaki, akaanza kuuza kila kitu kisichokuwa samaki: makoti ya mitumba, redio, miwani ya watu waliokufa Ulaya, dawa ya meno, kengele za baiskeli. Alikuwa hajui vitu vyake vingi ni vya nini, lakini hilo halikumzuia kuvieleza.

Siku tuliyopeleka pamba, Januarius alitushika mkono mimi, Luhaga na Josia, akatutolea kiboksi chenye ukubwa wa kipande cha sabuni ya mche. Kilikuwa na kitufe cha kuzungusha na nyaya mbili. Mwisho wa kila waya palikuwa na sponji, na vyote vilishikwa na mkanda wa mpira wa kuvaa kichwani.

"Hii," alisema, "ni mashine ya kukaza akili. Imetoka hospitali ya Wazungu. Hakuna kupasua, hakuna sindano. Unalowesha sponji kwa maji ya chumvi, unavaa, umeme mdogo unapita hapa mbele, akili iliyolala inaamka, na iliyotoka inarudi."

"Umeme kichwani?" nikasema. "Wewe unataka kutuulia mtu."

"Umeme gani? Betri ya redio imeshamuua nani? Tazama karatasi."

Karatasi ilikuwa na maandishi ambayo si Kiswahili wala si Kiingereza. Josia, aliyemaliza darasa la saba, aliigeuza pande zote akarudisha. Lakini picha zilieleweka. Kichwa cha mtu mwenye upara, sponji moja juu ya jicho la kushoto, nyingine upande wa kulia. Pembeni palichorwa saa, na kipande chake kidogo kimepakwa rangi.

"Hii saa?" niliuliza.

"Dakika ishirini. Lakini hiyo imeandikwa kwa ajili ya Wazungu. Vichwa vyao ni laini."

Mashine ilitaka betri ndogo ya mraba ambayo Dutwa nzima haikuwepo. Januarius alikuwa ameshalifikiria hilo. Alipanga betri sita za tochi ndani ya kipande cha mwanzi, akafunga ncha kwa mpira wa tairi. Luhaga alikalishwa kwenye kreti la soda, akavalishwa, kitufe kikazungushwa. Watu wakaanza kukusanyika, maana Dutwa mtu akikaa tu kwenye kreti watu hukusanyika.

"Unasikia nini, baba?" aliuliza Josia.

"Inawasha. Kama siafu. Na mdomoni kuna ladha ya msumari."

"Hiyo ndiyo akili inaingia," alisema Januarius.

Nikasema tumjaribu. Sikutaka kuuziwa siafu. Nikasimama mbele yake nikampa salamu ya kwetu, nzima, kama ninavyompa mzee niliyemkosa mwaka mzima. "Mwadila!"

Luhaga akanitazama machoni. Akaitikia. Akapita kwenye ukoo, akapita kwa wa nyumbani mmoja mmoja, akapita kwenye mvua, akafika kwenye mifugo. Nikashika pumzi. Akapita kwenye mifugo kama mtu anayevuka mto mkavu, akamaliza, akanirudishia yote mpaka neno la mwisho. Sikuwahi kumsikia akifika mwisho tangu tuzaliwe. Watu wakapiga makofi. Mwanamke mmoja aliyekuwa anauza matobolwa, vile viazi vitamu vya kukausha, akatoa kigelegele.

Wakati huo wote lori la pamba lilikuwa nyuma yake linampigia honi, kreti lilikuwa katikati ya njia. Yeye hakugeuka hata shingo. Dereva alitukana mpaka akachoka, akapitia kwenye karanga za watu. Sisi tulicheka tu. Mwenye karanga peke yake ndiye hakucheka.

Tulitoa beberu mmoja na gunia la mtama. Luhaga alibeba mashine yake kifuani kama yai.

Maximiliana alipoona akaweka mikono kiunoni. "Kwa hiyo mimi sasa nimeolewa na redio."

"Ni ya kukaza akili, mama Josia."

"Na betri zikiisha usiku, niite fundi?"

"Utaona siku ya Minza."

"Nitaona," alisema. "Mimi macho yangu hayahitaji betri."

Siku ya Minza ikafika. Wakwe walitoka Mwamapalala, wanaume saba, wakiongozwa na baba mdogo wa bwana harusi, mtu mnene mwenye sauti ya pole aliyeitwa Mhoja. Walikuja na kundi la ng'ombe zaidi ya ishirini. Desturi ni hiyo: mnaleta wengi kuliko mnaotaka kutoa, wazuri na wabovu, na baba wa binti anachagua pale langoni. Wabovu wanaletwa wakataliwe ili wazuri waonekane wazuri. Kila mtu anafanya hivyo. Hata sisi tungefanya.

Luhaga alivaa kofia kubwa ya pama juu ya mkanda, na koti zito lenye mfuko wa ndani kwa ajili ya kile kiboksi na ule mwanzi. Mwanzi ulitokeza kidogo. Niliona wakwe wawili wakiutazama, wakasogea mbali kama wanaotafuta kivuli.

Kwanza tunakaa kuzungumza idadi. Na hapo, lazima niseme ukweli, kaka yangu alikuwa wa ajabu. Mhoja alianza na kumi. Luhaga akasema ishirini, akaeleza kwa nini, na hakupotea hata mara moja. Mhoja akazungumza kwa mafumbo, akapita kwa babu, akapita kwenye ukame, na kila aliporudi alimkuta Luhaga pale pale alipomwacha, anamsubiri kama mwenye deni. Ikafika mahali Mhoja akasema, "Na jike mwenye mimba tutamhesabu wawili, kama kawaida."

"Umesema mwenyewe ulipokaa hapa," alijibu Luhaga, "kwamba kwenu ng'ombe anahesabiwa kwa pembe. Ndama wa tumboni ana pembe?"

Wazee wetu wakacheka mpaka wakajipiga mapaja. Josia alikuwa amesimama nyuma yangu, nikasikia anapumua kama mtu aliyevuliwa mzigo. Tukafika kumi na tano. Kumi na tano kamili, mke wa Josia mzima mzima.

Kisha maji yakaanza kutoka.

Jua lilikuwa kali na zile sponji Luhaga alikuwa amezilowesha kupita kiasi, maana aliogopa zisikauke. Maji ya chumvi yakashuka chini ya kofia, yakapita kwenye nyusi, yakateremka mashavuni, polepole, mfereji huku na mfereji huku. Yeye hakuhisi. Alikuwa anamtazama Mhoja.

Kwa watu wa Mwamapalala, baba wa binti akitoa machozi ng'ombe wakiwa bado nje ya lango, si jambo la kuchezea. Ni masamva, mizimu ya ukoo wa binti, haijaridhika, na inasema kwa macho ya baba. Niliona wanatazamana. Mzee wao mmoja akanong'ona kwa nguvu, "Analia, gete, kweli kabisa. Na uso haujakunjwa. Huyo si yeye anayelia."

Mhoja akavua kofia yake. "Mkwe," alisema taratibu, "tumekuudhi?"

"Kumi na tano," alisema Luhaga, maji yanadondoka kidevuni.

"Kumi na tano tumekubali. Lakini naona... naona kuna wengine hapa hatujawaona."

"Kumi na tano," alisema Luhaga.

Wakaenda pembeni wakateta. Wakarudi wakasema wanaongeza ng'ombe mmoja na kondoo jike mweusi, kwa ajili ya wale wasioonekana. Kumi na sita na kondoo. Maximiliana, aliyekuwa jikoni na wanawake, alikuja mpaka mlangoni kumtazama mume wake kama anamwona kwa mara ya kwanza. Hata mimi, niliyekuwa nimetaka kusimama badala yake, niliinamisha kichwa.

Ingeishia hapo ningekuwa nimeandika habari nyingine.

Baba wa binti husimama kwenye lango la zizi. Ng'ombe analetwa, anamtazama meno, miguu, kiwele, akiridhika anampisha, ng'ombe anaingia. Akikataa, ng'ombe anarudishwa, analetwa mwingine. Lakini sheria ni moja: ng'ombe aliyeingia zizini huku baba amesimama langoni, amepokelewa. Hakuna kusema sikumwona. Macho ni yako, lango ni lako. Na nyingine ni hii: baba akiwa langoni, hakuna mwanamume mwingine wa ukoo anayefungua mdomo. Ukisema neno, umetangaza kwamba baba amekufa.

Jua lilikuwa limeshavuka utosi. Luhaga alikuwa amevaa ile mashine tangu wakwe walipofika, na kabla ya kusimama nilimwona ameingiza mkono kotini akazungusha kitufe. Alizidisha. Alitaka kumaliza vizuri.

Ng'ombe watano wa kwanza aliwakagua kama daktari. Wawili aliwakataa, wakarudishwa, wakaletwa wazuri zaidi. Wa sita alikuwa mtamba mwekundu, mzuri sana, mwenye paji jeupe. Ila sikio lake la kushoto lilikuwa na ufa.

Luhaga akalishika lile sikio.

"Hili," alisema, "limekatwa au limechanika?"

"Ni mwiba," alisema Mhoja. "Alichanika akiwa ndama."

"Mwiba unachana hivi?" Akaligeuza. "Mwiba unachana kwenda chini. Hili limekwenda juu. Hii ni alama. Mtu mwingine alimtia alama."

"Ni mwiba, mkwe. Mimi mwenyewe nilikuwepo."

"Mwiba wa mti gani?"

Mhoja akamwambia mti. Luhaga akauliza mti huo uko wapi, una miiba ya urefu gani, ndama alikuwa amesimama au amelala. Maswali yalikuwa mazuri. Kila moja lilikuwa zuri kuliko lililotangulia. Alikuwa ameinama, pua yake karibu ndani ya sikio, na mtamba mwenyewe alikuwa ametulia kama anayenyolewa. Kwa kuinama huko alikuwa ametoka katikati ya lango, na nafasi ya ng'ombe mmoja ilikuwa wazi nyuma ya mgongo wake.

Mhoja aliiona ile nafasi. Sidhani alikuja na nia mbaya. Alikuwa mtu mwenye ng'ombe wabovu mkononi na lango wazi mbele yake, na mtu wa namna hiyo sijui nani atamlaumu. Alimkonyeza mchungaji wake. Kisha akaendelea kueleza habari ya mwiba kwa sauti ile ile ya pole.

Akapita wa kwanza, anachechemea.

Nikakohoa. Luhaga alikuwa anapima ufa kwa ukucha.

Akapita wa pili, naye anachechemea, mguu mwingine. Nikakohoa mpaka wazee wakaniletea maji. Akapita jike mwembamba ambaye mbavu zake ungeweza kuzihesabu ukiwa Bariadi mjini.

"Baba mdogo," Josia alininong'oneza, "yule hana meno."

"Umejuaje?"

"Anatafuna kama bibi."

"Nyamaza. Mimi nawe hatuna mdomo hapa."

"Lakini ni wangu hao! Nitawapelekaje Maswa?"

Nilimkanyaga mguu, si kwa ubaya. Mwenyewe nilikuwa nauma midomo. Akapita wa chongo. Wakapita majike wengine wawili wa rika la yule bibi, wakifuatana kama wanaokwenda kwenye kilio. Maksai wawili, shingo zimesuguliwa na nira mpaka hazina manyoya. Jikoni Maximiliana alikuwa ameshaona. Wanawake hawasemi langoni, lakini hakuna sheria ya vyombo. Aliangusha sufuria. Akaangusha nyingine. Akachukua mchi akapiga kinu kitupu, dum, dum, dum, mpaka kuku wakapanda juu ya paa. Mkwe mmoja akasema chakula cha hapa kitakuwa kingi leo.

Luhaga hakuhama. "Na kovu," alikuwa anasema, "la mwiba huwa na ncha. Hili halina ncha."

Nilichukua kokoto nikamrushia mgongoni. Likampata. Akajikuna. Hakugeuka.

Wa mwisho walikuwa ndama wawili waliokuwa bado wanalilia maziwa, na yule kondoo mweusi nyuma yao. Walipoingia, mchungaji alimtazama Mhoja akaonyesha kwa vidole kwamba wametimia, ukimhesabu yule mtamba. Na Mhoja, kwa adabu zote, akasema, "Mkwe, umenishinda. Ni alama. Nilimnunua mnadani kwa mtu, na mtu huyo nitakuletea ushahidi wake. Mpokee, na kwa kukusumbua nakuongezea kamba yake."

Luhaga akanyooka. Uso wake uling'aa kwa maji ya chumvi na furaha. "Nilijua tu!" alisema. Akampisha mtamba, akaingia. Akainua mkono juu na kusema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Nimepokea."

Wakwe wakashukuru. "Wabeja, wabeja sana!" Hawakungoja chakula. Walisema wana safari, wakaswaga ng'ombe wazuri waliobaki kwa mwendo ambao si wa watu walioshiba wala wenye njaa. Ni mwendo wa watu wenye bahati.

Luhaga alitujia, amevua kofia. Juu ya jicho lake la kushoto palikuwa na duara jekundu lililovimba. "Mmeona?" alisema. "Sikio! Wangenipitishia ng'ombe mwenye alama ya watu, kesho polisi wako hapa. Mmeona?"

Josia alikuwa ameketi chini.

"Geuka," alisema Maximiliana.

"Nini?"

"Zima hiyo redio, halafu geuka."

Akazima. Akageuka. Alitazama ndani ya zizi.

"Hawa ni wa nani?"

"Wako," nikasema.

"Nimewapokea saa ngapi?"

"Ulipokuwa sikioni."

Alipanda kwenye boma la miiba akasimama anawatazama. Yule wa chongo alikuja akamtazama naye. Sijawahi kumwona kaka yangu amekaza akili namna ile bila betri.

Kesho yake alikwenda Dutwa na mashine. Januarius hakukasirika wala hakurudisha beberu, maana alishamla. Alisikiliza habari yote, akatikisa kichwa. "Mimi nilikuuzia mashine ya kukaza akili," alisema. "Imekaza au haikukaza?"

"Imekaza."

"Sasa unanidai nini? Hukusema ikaze wapi."

Baadaye, kwa sababu lile duara kichwani lilianza kutoa maji, nilimpeleka hospitali Bariadi. Daktari kijana alimpaka dawa, akaishika ile mashine, akaigeuza kama Josia alivyogeuza karatasi. Alisema amesoma kidogo juu ya mambo hayo. Wanaoyapima huko nje hawajakubaliana. Wapo wanaoonekana kusaidika, wapo wasiohisi lolote, na wapo wanaopewa nguvu kwenye jambo moja wakapungukiwa kwenye jingine. Ila hakuna hata mmoja, alisema, anayekaa nayo kutoka asubuhi mpaka jioni chini ya kofia ya pama.

"Dakika ngapi?" aliuliza Luhaga.

"Karatasi ilisemaje?"

Luhaga alinitazama mimi. Mimi nilitazama dirishani.

Tuliwapeleka ng'ombe Maswa kabla ya kupanda pamba, kama tulivyoahidi. Baba wa binti alisimama langoni kwake, hana kofia wala waya, na hakuna ng'ombe aliyepita nyuma yake. Alipokea wale watano wa kwanza. Alipokea mtamba wa paji jeupe bila kulitazama sikio. Akampokea yule wa chongo, akasema jicho si mguu. Wengine akawarudisha. Kijana wa sabuni alikuwepo, amevaa soksi. Binti mwenyewe alisema mbele ya watu kwamba anamtaka Josia, na hiyo tu ndiyo iliyotuokoa. Baba yake akasema haya, lakini nane waliobaki watalipwa kwa mikono ya Josia.

Hesabu yetu ikawa hivi. Mashine, beberu mmoja na gunia la mtama. Wale tisa waliorudishwa tulirudi nao mpaka nyumbani. Majike wawili wasio na meno walikufa kabla ya mvua, wa tatu tulimchinja akiwa bado anaweza kusimama. Wachechemeao wawili waliuzwa mnadani kwa bei ya mbuzi. Ndama mmoja alikufa, mmoja akakua. Maksai walilima msimu mmoja wakalala kwenye jembe. Minza huko Mwamapalala aliitwa Binti Sikio mpaka alipojifungua. Mimi nilitoa mitamba wawili wa kwangu kupunguza wale nane, na sijalipwa. Josia alilima pamba ya baba mkwe misimu miwili, palizi, mavuno na kubeba magunia, na msimu wa pili mkewe alikuwa analala nyumba ile ile mlango wa pili, na Josia hakuruhusiwa kuingia. Luhaga alipoteza lango. Alipoolewa binti yake wa tatu nilisimama mimi, naye akakaa nyuma kwenye kigoda, kovu la duara juu ya jicho, anawaza mambo yake.